Mchina akikuita “dear”, anakuita nani?

Ujumbe uliingia saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwenye simu, mfanyabiashara wa mikoba ya kike Kariakoo, alikuwa ametoka kwenda kuswali Magharibi, simu ameiacha mezani inachaji. Mkewe akaisikia ikilia, akaitupia jicho. “Ok dear, good night dear, tomorrow I send you photo.” Picha ya mtumaji ilikuwa ya binti wa Kichina mwenye nywele zilizofika kiunoni, amesimama kando ya mti wenye maua.

Bwana aliporudi hakukuta chai. Alikuta maswali.

Saa tatu usiku nikapigiwa simu mimi, kwa sababu niliishi Guangzhou miaka minne. Mchana nilikuwa nikiwatafsiria wafanyabiashara wetu madukani na viwandani, na jioni nikiwafundisha Kiingereza vijana wa Kichina wanaofanya kazi kwenye ofisi za mauzo ya nje. Simu iliwekwa spika. Mama mwenye nyumba alikuwa na swali moja tu, akaliuliza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia: “Shemeji, mwanamke anayemwambia mume wa mtu ‘usiku mwema mpenzi’, huyo ni muuza mikoba gani?”

Nilimwomba kwanza tuhesabu saa. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo ule ujumbe uliandikwa saa tano na nusu usiku wa kule, binti akiwa ndiyo kwanza anafunga kazi. Kisha nikamwomba arudi juu, asome na zile za siku za nyuma. Akazisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine. “Dear, the zipper have two color.” “Sorry dear, this price already lowest.” “Dear, you pay 30% deposit, we start production.” Dear ilikuwepo kwenye zipu, ilikuwepo kwenye bei, ilikuwepo kwenye malipo ya awali. Alipofika ujumbe wa kumi hivi, sauti yake ilikuwa imeanza kulegea.

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na nimelisikia mara nyingi, Kariakoo na Eastleigh, kutoka kwa wake, kutoka kwa waume, na kutoka kwa vijana ambao wao wenyewe hawajui kama wamependwa au wameuziwa. Shemeji yangu aliisoma dear kwa Kiswahili, akapata “mpenzi”. Binti wa Guangzhou aliiandika kwa Kichina, na kichwani mwake mlikuwa na neno jingine kabisa. Katikati yao limesimama neno la Kiingereza ambalo si la huyu wala si la yule, nao Waingereza wana desturi zao juu ya neno hilo ambazo wawili hawa hawakuwahi kufundishwa na mtu.

Tuanze na neno lililokuwa kichwani mwa yule binti. Ni qīn. Huandikwa 亲 na hutamkwa karibu na “chin”, sauti ikiwa juu na imenyooka. Mzizi wake ni udugu wa damu. Baba kwa lugha ya heshima ni fùqin, mama ni mǔqin, jamaa wa ukoo ni qīnqi, watu wa kijiji kimoja ni xiāngqīn. Neno hilohilo likiwa kitenzi ni kubusu, kama mama anavyombusu mtoto shavuni. Likitangulia jina la nchi, ni kuelemea upande wa nchi hiyo. Ukiliunganisha na ài, yaani upendo, ukaongeza kiungo de, unapata qīn’ài de. Hilo ndilo neno ambalo kamusi za shuleni China huliweka sambamba na dear, na pia na darling, bila kumwambia mwanafunzi kwamba ameshikishwa maneno mawili yasiyolingana.

Kuna jambo moja kuhusu maandishi yake ambalo sijawahi kulisahau tangu nilipofundishwa. Katika maandishi ya zamani, yanayotumika hadi leo Taiwan na Hong Kong, qīn huandikwa 親, na ule upande wake wa kulia ni alama ya “kuona”. Ài huandikwa 愛, na katikati yake mna alama ya “moyo”. Serikali ya China bara ilipotangaza mpango wa kurahisisha maandishi mwaka 1956, kuona kukaondoka kwenye udugu na moyo ukaondoka kwenye upendo. Wazee wanaopenda maandishi ya zamani hulisema hili kwa masikitiko: ndugu wasioonana, upendo usio na moyo.

Sasa, qīn lilitokaje nyumbani likafika dukani? Taobao, soko la mtandaoni la kampuni ya Alibaba, lilianzishwa mwaka 2003, na muuzaji na mnunuzi waliweza kuandikiana moja kwa moja kabla ya kukubaliana. Hapo likazuka tatizo analolijua kila aliyewahi kusimama mlangoni mwa duka: mteja umwiteje? Kariakoo unamwona. Kwa kumtazama tu unasema mama, unasema kaka, unasema bosi, unasema tajiri. Kwenye skrini huoni umri, huoni jinsia, na jina lenyewe ni la kubuni. Ukimwita bwana kumbe ni mwanamke, umeharibu. Neno la kumwita msichana, xiǎojie, lilikwisha kuingia doa China bara kwa sababu lilianza kutumika kwa wanawake wa madanguro. Na lile neno la zama za mapinduzi, tóngzhì, ambalo kwa miongo mingi lilitosha kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, lilikuwa limezeeka, na vijana wakalipa maana nyingine ya mtaani.

Sisi wa Tanzania tóngzhì tunalijua, kwa sababu tuna pacha wake. Ni “ndugu” ya zama za TANU, ile iliyokuwa mbele ya jina la kila mtu kwenye mkutano, kwenye barua na kwenye taarifa ya habari. Tofauti ni kwamba ndugu yetu haikufa. Ilipotoka kwenye siasa ikahamia kwenye biashara, na leo kila mwenye simu anaijua: “Ndugu mteja, salio lako halitoshi.” Wachina walipolipoteza lao ikabidi watafute jingine, na wauzaji wa Taobao wakalipata kwa kuikata qīn’ài de na kubakiza kipande cha kwanza. Qīn, bei ya mwisho hii. Qīn, usafiri bure. Qīn, mzigo umeshatoka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza qīn ya muuzaji ni nini kwa Kiswahili, jibu langu halibadiliki: ni “ndugu mteja”. Tafsiri hii inagusa mpaka kwenye mzizi, maana pande zote mbili limechukuliwa neno la damu likapewa mtu baki ili maongezi ya fedha yasiwe makavu.

Mwaka 2011 mtindo huo ulivuka mipaka ya duka. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Nanjing kiliwatumia wanafunzi waliochaguliwa ujumbe wa simu ulioanza na qīn, ukiwapongeza kwa lafudhi ileile ya muuza viatu. Polisi wa wilaya ya Xuhui, Shanghai, wakawaandikia watoro wa sheria tangazo la kuwataka wajisalimishe, nao wakawaita qīn, wakalitangaza kama vile ni punguzo la bei la msimu. Watu walijadiliana sana kama inafaa chombo cha dola kuzungumza hivyo. Lakini hakuna aliyedhani kwamba polisi wa Shanghai wamewapenda wahalifu. Neno lilikuwa limekwisha kuwa salamu.

Sasa mchukue kijana aliyekulia katika lugha hiyo, umpe kazi ofisi ya mauzo ya nje, umwambie awaandikie wateja wa Dar, wa Lagos, wa Karachi na wa Manchester. Hataandika qīn kwa herufi za Kichina. Atatafuta lililo sawa nalo, na lililo sawa nalo kwa mujibu wa kamusi ni dear. Tena ni neno analoliamini kuliko maneno yote ya Kiingereza, kwa sababu ya Li Hua. Li Hua si mtu. Ni jina la mwanafunzi wa kubuni anayetokea kwenye mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, sehemu ya insha ya Kiingereza: chukulia kwamba wewe ni Li Hua, mwandikie rafiki yako wa ng’ambo barua. Mtihani huo mwaka 2024 ulikuwa na watahiniwa milioni 13.42. Vizazi vya vijana wa China vimejizoeza kuwa Li Hua tangu sekondari, na barua ya Li Hua huanza vilevile siku zote. Dear Peter. Dear Tom. Neno la kwanza la Kiingereza walilowahi kumwandikia mtu ni hilo, nalo ni sahihi, na walimu wao hawakukosea kulifundisha.

Kosa huanza Peter anapoondoka.

Hapa ndipo penye kiini, na Mswahili ana bahati ya kupaelewa haraka kuliko wengi, kwa sababu neno letu lina tabia ileile. Mtangazaji wa redio akisema “mpenzi msikilizaji”, mume wako hakuulizi huyo mwanamume wa redioni ni nani. Mwandishi wa gazeti akiandika “mpenzi msomaji”, hujashikwa mkono. Lakini mtangazaji yuleyule akikukuta kituo cha daladala akasema “mpenzi”, akanyamaza, habari ni nyingine. “Mpenzi” haikubadilika herufi hata moja. Ilichopoteza ni nomino iliyokuwa ikiiegemea. Ikiwa na msikilizaji nyuma yake, ni adabu. Ikisimama peke yake, ni mapenzi.

Dear ni hivyohivyo. Juu ya barua, ikifuatiwa na jina au cheo, haina mahaba hata chembe. Mwingereza anaweza kumwandikia “Dear Sir” mtu anayempeleka mahakamani. Benki inaweza kukuandikia “Dear” halafu jina lako, na mstari unaofuata ukawa wa kukuarifu kwamba nyumba yako itapigwa mnada. Dear hiyo ni “Ndugu” ya barua zetu za kiofisi, ile inayokuja juu ya YAH na “husika na kichwa cha habari hapo juu”. Mtu haisomi, anaipita tu.

Iondolee jina, uiweke mwishoni mwa sentensi au mwanzoni ikifuatiwa na mkato, nayo inageuka kuwa jina la kumwita mtu. “Yes, dear.” “Are you tired, dear?” Kwa kawaida ya Uingereza hiyo ni ya mume na mke waliokaa pamoja muda mrefu, au ya bibi kwa mjukuu, au ya mama mtu mzima wa dukani kwa kila anayeingia. Inashuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, au inatembea kati ya wanaolala nyumba moja. Kijana wa miaka 24 kumwita hivyo mwanamume wa miaka 60 ambaye hajawahi kumwona ni kupanda ngazi kwa upande usio na vidato.

Na mkato ule ndio unaomtambulisha Mchina. Kwa Kichina huandikwa qīn, unawekwa mkato, halafu habari inaendelea. Kwa hiyo anaandika “Dear,” kisha habari. Mwingereza hana desturi hiyo kwenye ujumbe wa kazi, na jicho lake hukwama hapohapo.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, binti wa Hunan, mfanyakazi wa kampuni inayouza taa. Jioni moja alikuja darasani mapema kabla ya wenzake, akaweka simu mbele yangu bila kusema kitu. Alikuwa amemwandikia mnunuzi wa Manchester: “Hi dear, how are you today? Did you see my quotation, dear?” Jibu lilikuwa la sentensi moja, likimtaka atumie jina la ukoo la mteja, na likamtaja huyo mteja kwa cheo cha bwana. Hakukuwa na tusi ndani yake. Lakini yeye aliisoma baridi yake, na alikuwa na hofu kwamba bosi ataiona.

“Mwalimu,” akaniambia, “mwanzo wa barua nikiandika Dear na jina lake, hakuna shida. Nikitoa jina nikabakiza Dear, ananikasirikia. Neno ni hilohilo. Jina lake ndilo limefanya nini?”

Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo kuhusu neno hili. Nilijaribu kumjibu kwa Kiingereza, nikaona macho yake hayafuati. Nikageukia Kichina. Kichina kina neno jingine la kufungulia barua, zūnjìng de, ambalo ni “mheshimiwa”, la mwalimu, la mkuu, la mteja usiyemzoea. Nikaandika Dear mbili ubaoni, moja juu, moja chini. Nikamwambia: hii ya juu, yenye jina nyuma yake, Mwingereza akiisoma anasikia zūnjìng de. Hii ya chini, isiyo na jina, anasikia bǎobèi.

Bǎobèi ni “hazina”, ndivyo Wachina wanavyowaita watoto wachanga na wapenzi wao. (Bèi ni kauri, kombe la baharini lililokuwa fedha katika China ya kale, na ndiyo maana alama yake imo hadi leo kwenye maandishi ya ghali na ya mali.) Nilipolitamka tu, alifunika mdomo kwa viganja viwili. Kisha akainuka, akachukua kalamu nyekundu ubaoni, akaizungushia kisanduku ile Dear ya juu pamoja na jina, kama vitu viwili vilivyofungwa kwa kamba moja. Ile ya chini akaifuta yote. Tulipofungua simu tena akaandika upya, “Dear Mr” na jina la ukoo, halafu habari ya taa, bila dear nyingine hadi mwisho. Kesho yake mteja alijibu na kuomba sampuli.

Kuna matumizi mengine nitayapita haraka. “Oh dear” ni “masalale” au “jamani”, haimwiti mtu. “A dear friend” ni rafiki wa dhati. Na sokoni Uingereza, hasa kwa watu wazima, kitu kikiwa dear maana yake ni ghali. Hiyo nayo ni maana kongwe: Kiingereza cha kale kilikuwa na dēore, chenye thamani, na ndugu yake wa Kijerumani, teuer, hadi leo kwa kawaida ni “ghali”. Mwarabu naye hulitumia neno ghālī kwa bei na kwa kipenzi cha moyo, ila sisi tulipolichukua tuliacha mapenzi bandarini tukaondoka na bei, halafu tukarudi kuchukua azizi na habibi kwa ajili ya nyimbo.

Wanaodhani kwamba kosa hili ni la wageni peke yao wakumbuke kilichotokea bungeni London mwaka 2011. Waziri Mkuu David Cameron alikuwa akijibu maswali, mbunge wa upinzani Angela Eagle akawa anampinga kutoka upande wa pili, na Cameron akamwambia “Calm down, dear”, tulia, dear. Lilikuwa ni neno maarufu kutoka tangazo la biashara la televisheni, na ofisi yake ikasema ulikuwa utani. Upinzani haukukubali. Walimtaka aombe radhi, na magazeti yakalijadili kwa siku kadhaa, kwa sababu dear isiyo na jina, ikitoka kwa mwenye madaraka kwenda kwa mwanamke mwenye cheo, humshusha hadi akawa mtoto. Mzaliwa wa lugha, tena msomi wa Oxford, aliteleza hapohapo alipoteleza binti wa Hunan. Mimi naona yeye ndiye alikuwa na kosa kubwa zaidi, kwa kuwa alijua uzito wa neno.

Watanzania na Wakenya wanaofanya kazi ya kutunza wazee Uingereza wamelikuta jambo hili wakielekezwa kazi. Huambiwa wamuulize mzee anapenda kuitwaje, kisha wamwite hivyo. Wasimwite dear, wala love, wala sweetheart, ingawa wazee wenyewe watawaita wao hivyo mchana kutwa. Kwa sisi tuliozoea kumwita mzee yeyote babu au bibi ni jambo gumu kulimeza. Lakini tukikumbuka lile la kushuka kutoka kwa mkubwa, linaeleweka: mzee akikuita dear anakubariki, wewe ukimwita dear unamfanya mtoto.

Na ukienda mikoani Uingereza, mambo yanazidi. Nottingham utaitwa duck, yaani bata. Newcastle ni pet, Uskoti mwanamke huitwa hen, yaani kuku, na Bristol mzee wa makamo anaweza kukupa chenji akakuita my lover bila kukutazama mara ya pili. Mwanafunzi wangu mmoja aliyehamia kusoma Bristol aliniandikia kwa mshtuko wiki ya kwanza. Nilimjibu kwa neno moja tu la Kichina: qīn. Akaelewa hapohapo.

Honey, darling na babe sikuwafundisha kuzitumia, nilifundisha kuzisikia. Mgeni anayeandika barua za biashara hana mahali pa kuziweka.

Turudi Kariakoo, maana huko neno lina safari nyingine ya hatari, ile ya programu za tafsiri. Wafanyabiashara wengi wetu hawasomi Kiingereza cha mgavi, wanakibonyeza kitafsiriwe. Mchina ameandika qīn akimaanisha ndugu mteja. Programu ya kwanza imetoa dear. Ya pili ikaikuta dear imesimama peke yake, bila jina, ikatoa “mpenzi”. Kila kituo neno limeongezewa uzito kidogo, mpaka lililoondoka Guangzhou likiwa “ndugu” limefika Dar likiwa “mpenzi”, na njia nzima hakuna aliyesema uongo. Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu mashine zilikuwa zikiikuta qīn na kutoa ile maana ya kubusu, au ile ya kuelemea upande, na mteja akapokea sentensi isiyo na kichwa wala miguu.

Isitoshe, kati ya Wachina wenyewe qīn’ài de kamili, si kile kipande chake, husemwa sana na wasichana kwa marafiki zao wa kike. Utawasikia kwenye treni ya chini ya ardhi wakiitana hivyo kama mashosti wa kwetu wanavyoitana mai dia. Mwanamume kumwita mwanamume mwenzake hivyo ni nadra. Wazazi wao hawasemi kabisa. Mama wa makamo China humwita mumewe háizi tā bà, baba wa watoto, naye hujibiwa háizi tā mā, mama watoto. Nilipolisikia mara ya kwanza kwa majirani zangu wa ghorofani, nilisimama kwenye ngazi na begi la mboga mkononi, nikajihisi niko nyumbani Tanga.

Basi utajuaje kama dear ya simuni ni ya duka au ni ya moyo? Usilitazame neno, tazama linafuatana na nini. Dear ya duka haiachani na mzigo: rangi, kipimo, kontena, tarehe ya kufunga, asilimia 30. Mwenye nayo humwita hivyo kila mteja, mwanamume kwa mwanamke. Mchina anayependa ana alama zake, na hazifanani na hizo. Ataandika bǎobèi, au kifupi chake bǎo. Atatuma namba 520, kwa sababu kwa Kichina tarakimu hizo, wǔ èr líng, zinakaribia kusikika kama wǒ ài nǐ, nakupenda, na tarehe 20 Mei China nzima hununuliana maua kwa ajili hiyo. Atauliza umekula au bado, na hatauliza habari ya mzigo.

Haya yote nilimweleza shemeji usiku ule, kwa ufupi kuliko nilivyoandika hapa. Alisikiliza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hana neno na Kichina changu, ila angependa kujihakikishia mwenyewe. Akaichukua simu ya mumewe, mume amekaa kimya pembeni, na kwa Kiingereza chake cha sekondari akaandika: “I am his wife.”

Kule ilikuwa imekwisha kupita saa nane usiku. Hakuna aliyejibu. Jibu lilikuja asubuhi ya Guangzhou, ambayo ni saa tisa usiku ya Dar, wote wamelala, na shemeji akalikuta alipoamka kuswali Alfajiri. Alinitumia picha ya skrini kabla jua halijatoka:

“Hello dear! Nice to meet you dear. New color is coming, dear, which one you like?”